Meza Inayong'aa na Meza Iliyo Safi: Jinsi ya Kutunza Meza ya Fomaika Nyumbani

Katika somo la leo tutazungumza juu ya meza. Usicheke. Katika nyumba zetu nyingi hapa Kyangwali meza ni moja tu, na kazi zote ni zake. Asubuhi inawekewa chai. Saa nne inakatiwa sombe na samaki. Mchana mtoto analazwa juu yake kubadilishwa nguo. Jioni mwanafunzi anaandikia hapo, na usiku tunaweka hapo dawa za mgonjwa na kibatari. Meza yenye kazi nyingi namna hii inapokea uchafu wa kila aina, na uchafu huo unarudi kwetu kwa njia ya mkono na chakula.

Mwisho wa somo hili utaweza:
- kueleza kwa nini meza inayong'aa inaweza kuwa bado chafu;
- kusafisha meza kwa hatua nne, kwa maji machache;
- kupima dawa ya klorini bila kukosea;
- kuitunza meza idumu miaka mingi.

MEZA YA FOMAIKA NI NINI?

Fomaika ni ile ngozi ngumu, laini na yenye kung'aa iliyobandikwa juu ya ubao. Wengine wanaiita meza ya plastiki, lakini si plastiki tupu. Inatengenezwa kwa karatasi nyingi zilizoloweshwa gundi maalumu, zikapangwa moja juu ya nyingine, kisha zikakandamizwa kwa moto na nguvu nyingi mpaka zikawa kitu kimoja. Karatasi ya juu ndiyo yenye rangi au picha ya mbao. Jina linatokana na kampuni ya Formica ya Marekani, iliyoanza mwaka 1913. Mwanzoni bidhaa hiyo haikuwa ya meza, ilikuwa ya kuzuia umeme kwenye mitambo.

Chini ya ngozi hiyo mara nyingi hakuna mbao halisi. Kuna ubao wa maranda, yaani unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Hapo ndipo penye udhaifu. Ngozi ya juu haipitishi maji, lakini ubao wa maranda unakunywa maji kama mkate. Ukishavimba haurudi tena.

Meza hizi zinatufikia kwa njia nyingi. Ofisi ikibadilisha samani huuza za zamani, mwenye mgahawa akihama huuza zake, na fundi naye hununua vipande akavitengeneza upya. Kama wewe huna meza ya fomaika, una ya mbao iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, soma tu. Karibu yote yanakuhusu.

KWA NINI MNG'AO UNADANGANYA?

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Ukipitisha kitambaa chenye maji juu ya fomaika inang'aa mara moja, na macho yanaridhika. Lakini kama kitambaa hicho ndicho kilichopangusa samaki jana na kikalala kimelowa kwenye beseni, basi umepaka vijidudu kwenye meza yote, kona hadi kona. Meza ilikuwa chafu mahali pamoja, sasa ni chafu pote.

Mwezi Februari 2018 kipindupindu kilithibitishwa hapa Kyangwali, wakati huo tukiwa bado wilaya ya Hoima, na pia Kyaka II. Ndugu zetu wengi walikuwa wakivuka Ziwa Albert kutoka Ituri, wakishukia Sebagoro wakiwa wamechoka. Watu zaidi ya 40 walikufa. Chanzo kikubwa kilikuwa maji machafu na upungufu wa vyoo, haikuwa meza. Lakini kijidudu kikishaingia nyumbani kinatafuta njia ya kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, na njia hiyo ni mkono, chombo, kitambaa na mahali pa kuandalia chakula. Kuhara damu na homa ya matumbo nazo zinapita njia hiyo hiyo.

Kuna habari njema pia. Kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukavu. Mahali penye unyevu na mabaki ya chakula kinaweza kuishi siku kadhaa, bali mahali palipooshwa na kukauka vizuri kinakufa upesi. Kwa hiyo kukausha meza ni sehemu ya kinga.

VITU VYA KUANDAA

1. Vitambaa viwili vya meza tu: kimoja cha kuoshea, kimoja cha kukaushia. Shona uzi wa rangi pembeni ili mtoto asivichanganye na cha sakafu.
2. Sabuni yoyote: ya kipande, ya unga au ya maji.
3. Maji lita 1 na nusu. Lita moja ya sabuni, nusu lita ya kusuuza.
4. Dawa ya klorini ya maji, ile watu wanayoiita jiki, siku inapohitajika.

Usitumie majivu, mchanga, waya wa kusugulia masufuria wala msasa. Tunajua majivu na mchanga vinang'arisha sufuria vizuri sana, lakini sufuria ni chuma na fomaika ni karatasi. Vitaichubua. Mahali palipochubuka panakuwa na mifereji midogo ambayo jicho halioni vizuri, na ndani yake mafuta na uchafu vinajificha. Kadiri unavyosugua kwa mchanga ndivyo meza inavyozidi kuwa ngumu kusafishwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikatie nyama wala mboga moja kwa moja juu ya meza. Tumia kibao cha kukatia. Na kibao cha samaki na nyama mbichi kioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kitu kitakacholiwa bila kupikwa, kama nyanya, parachichi au embe.

HATUA NNE ZA KILA SIKU

Hatua ya kwanza: Ondoa. Kusanya makombo, maganda na mabaki kwa karatasi au kwa mkono, uyatupe shimoni. Usiyaangushe sakafuni, utakuwa umewaalika mende na panya.

Hatua ya pili: Osha. Lowesha kitambaa kwenye maji ya sabuni, kikamue, kisha sugua kuanzia upande ulio safi kuelekea ulio mchafu. Usisahau kingo na chini ya ukingo, mahali vidole vinaposhika wakati wa kusogeza meza. Usimwage maji juu ya meza kama unaosha sakafu. Kitambaa kiwe kimekamuliwa.

Hatua ya tatu: Suuza. Pitisha kitambaa chenye maji safi. Sabuni ikibaki inaacha utando unaonata, na vumbi litashika hapo.

Hatua ya nne: Kausha. Tumia kitambaa kikavu, kisha acha meza ipigwe na hewa kabla ya kuweka chombo.

Baada ya hapo osha vitambaa kwa sabuni na uvianike juani vikauke kabisa. Mara moja au mbili kwa juma, au siku yoyote viliposhika damu ya nyama, vichemshe kwa dakika 5. Maji machafu ya sabuni usiyamwage karibu na mahali pa kupikia. Peleka chooni, yatasaidia kuosha sakafu ya choo.

Kwa wenye kitambaa cha plastiki juu ya meza: kifunue angalau mara moja kwa juma. Osha upande wa juu, osha upande wa chini, osha na meza yenyewe. Tunapotembelea nyumba mara nyingi tunakuta juu pazuri na chini pana ukungu, makombo na mende.

DAWA YA KLORINI: LINI NA KIASI GANI?

Watu wengi wanafikiri klorini inasafisha. Hapana. Sabuni inaondoa uchafu, klorini inaua vijidudu vilivyobaki. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinapona. Tena mayai ya minyoo ya tumbo hayafi kwa klorini ya nyumbani. Yanaondolewa kwa kusugua na sabuni. Kwa hiyo osha kwanza, siku zote.

Vipimo vifuatavyo ni vya dawa ya maji yenye klorini ya asilimia 3.5, ambayo inapatikana madukani kwetu. Soma karatasi ya chupa. Kama asilimia ni tofauti, au chupa haina maandishi, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako kabla ya kuchanganya.

- Meza ya chakula, baada ya kukatia samaki au nyama: kijiko 1 kidogo cha chai kwa maji lita 1. Paka, acha dakika 2 au zaidi, acha ikauke.
- Mahali palipopata matapishi au choo cha mgonjwa: vijiko 4 vikubwa vya kulia kwa maji lita 1. Paka, acha dakika 10, kisha suuza kwa maji safi na ukaushe.

Tumia maji baridi. Changanya kiasi cha siku moja tu, kwa sababu kesho yake nguvu imepungua. Weka mbali na jua. Usimwage dawa kali isiyochanganywa juu ya fomaika, itakula rangi na kuacha doa jeupe. Na vidonge vya kutibu maji ya kunywa viache kwa kazi yake, usivimalizie kwenye meza.

MGONJWA AKITAPIKA AU AKIHARA HAPO

1. Ondoa watoto na chakula mahali hapo. Fungua mlango na dirisha.
2. Vaa glavu. Kama huna, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi.
3. Lowesha matambara mabovu kwa dawa ya vijiko 4, funika uchafu, subiri dakika 10.
4. Kusanya na utupe ndani ya choo cha shimo au shimo la taka linalochomwa moto.
5. Osha meza kwa sabuni na maji, kisha paka dawa ya vijiko 4 mara ya pili, dakika 10. Suuza, kausha.
6. Vua glavu au mifuko na uitupe. Nawa mikono kwa sabuni.

Mgonjwa anayehara maji mengi mfululizo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Njiani mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Kama huna pakiti, changanya maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vidogo vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Lakini kama mgonjwa ana homa kali na anatoka damu, au serikali imetangaza Ebola, usisafishe mwenyewe. Funga chumba, zuia watu, umwite mhudumu wa afya.

MADOA YANAYOSUMBUA

Chai na kahawa: weka kitambaa chenye maji ya sabuni juu ya doa kwa dakika 5, kisha sugua taratibu.

Mafuta: maji ya vuguvugu na sabuni. Rudia mara mbili.

Nta ya mshumaa: iache igande, ibandue kwa ukingo wa rula ya plastiki, si kwa kisu. Malizia kwa maji ya vuguvugu.

Wino wa kalamu: weka spiriti kidogo kwenye kitambaa, pangusa, kisha osha kwa sabuni. Fanya hivyo mbali na sigiri na kibatari, maana spiriti inashika moto haraka.

Alama ya moto: hiyo haitoki. Ikinge mapema. Sufuria itokayo kwenye sigiri au mbabula iwekwe juu ya ngata ya majani ya migomba au kipande cha ubao, kamwe si juu ya fomaika. Pasi ya mkaa nayo vivyo hivyo.

KINGO NDIZO MLANGO WA MAJI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Meza ya fomaika haifi katikati, inafia kwenye kingo. Ngozi ikibanduka kidogo maji yanaingia, ubao unavimba, na ngozi inabanduka zaidi. Mwisho kunakuwa na pango dogo lenye giza, joto na makombo. Mende wanataga humo, usiku wanatoka na kutembea juu ya vyombo wakitoka chooni.

Kagua kingo kila mwezi. Pakibanduka, safisha makombo yaliyomo, acha pakauke siku nzima, paka gundi ya mbao, kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Ukingo usio na ngozi uusugue kwa mshumaa mpaka ujae nta, au uupake vanishi. Na kama sakafu yako ni ya udongo, weka kila mguu wa meza juu ya kipande cha tofali ili unyevu wa masika usipande.

TAHADHARI TATU ZA KUOKOA MAISHA

Kwanza, usichanganye klorini na siki, limau, dawa ya choo yenye asidi, dawa yenye amonia wala mkojo. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Klorini inachanganywa na maji peke yake.

Pili, usiweke klorini wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua kuwa chupa ile ni ya kunywa, hajui kusoma kilichoandikwa. Weka kwenye chupa yake, juu, mahali mkono wa mtoto haufiki. Akinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya pamoja na ile chupa.

Tatu, usipanguse meza kwa mafuta ya taa ili ing'ae. Mafuta yanabaki juu ya meza na kuingia kwenye chakula, na karibu na moto yanawaka.

MASWALI TULIYOULIZWA MAJUMBANI

Mama mmoja alituuliza: "Mwanangu, sabuni yenyewe ya kufulia haitoshi, wewe unataka nioshe na meza?"

Mama, swali lako ni la haki. Meza haidai sabuni nyingi. Maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo, kama hayana mafuta mengi wala hayakuoshea chombo cha mgonjwa, yanaweza kutumika kuondoa uchafu wa mwanzo. Kisha kipande cha sabuni chenye ukubwa wa punje ya maharage, kikiyeyushwa kwenye lita moja ya maji safi, kinatosha meza yote. Siku ambayo huna hata hicho, ondoa mabaki, pangusa kwa maji safi na kitambaa safi, ukaushe sana. Na ikibidi uchague, sabuni ya mwisho iwe ya kunawia mikono kabla ya kula na baada ya choo. Mikono kwanza, meza baadaye.

Mzee mmoja akasema: "Kijana, sisi tulikulia mkekani, hatukuona meza, na tulikua."

Baba, ni kweli, na mkeka ulio safi si dhambi. Lakini kule nyumbani kila mji ulikuwa na uwanja wake, na jirani alikuwa mbali. Hapa tunaishi karibu karibu, na wageni wanaendelea kufika. Ugonjwa wa nyumba moja unafika nyumba ya pili kabla ya jioni. Anayekula mkekani na autunze vilevile: aukung'ute, auoshe, auanike juani.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomee watoto wenye umri wa shule, muone nani anajibu.

1. Kati ya sabuni na klorini, ipi inaanza? Kwa nini?
2. Taja vitu vitatu vinavyochubua fomaika.
3. Meza ya chakula inahitaji kijiko gani cha dawa kwa lita moja? Je, palipopata matapishi?
4. Kwa nini tunakausha?
5. Mtoto amekunywa mafuta ya taa. Utafanya nini, na hutafanya nini?

KAZI YA JUMA HILI

Ndugu msomaji, leo jioni kabla ya chakula pitisha kidole chini ya ukingo wa meza yako, pande zote nne. Kidole kikitoka na mafuta au vumbi, hapo ndipo pa kuanzia. Tafuta vitambaa viwili, vishone uzi wa rangi, uwaambie wote nyumbani kazi yake. Mhudumu wa afya atakapopita kwenye kijiji chako, muonyeshe chupa yako ya klorini ili mpime pamoja. Kinga ni bora kuliko tiba.